Waamuzi wa Cirta: fundisho la Eklezya ya kale ya Afrika juu ya kuhukumu na kupenda



Katika mikutano ya jumuiya zetu kuna neno moja linalorudi mara kwa mara, hata kama halikuandikwa katika orodha ya mambo ya kuzungumza: fulani hastahili. Hastahili kusoma somo, hastahili kuongoza sala, hastahili kuketi na viongozi, kwa sababu ya alilolitenda wakati ule. Na mara nyingi "wakati ule" ni wakati wa vita na wa hofu, wakati ambapo karibu kila mmoja wetu alitenda au aliacha kutenda jambo ambalo hapendi lisimuliwe. Tunadhani jaribu hili limezaliwa kwetu. Kumbe Eklezya ya Afrika ilikwisha kulipitia miaka 1700 iliyopita, nalo likaigawa kwa karne nyingi. Inafaa tuisome tena historia hiyo, tujitazame ndani yake.

Siku ya hofu

Tarehe 19 Mei 303, maofisa wa serikali ya Roma waliingia katika nyumba walimokutanika Wakristu wa mji wa Cirta, ambao leo unaitwa Constantine, nchini Algeria. Kaisari Diokletiano alikuwa ameamuru, mapema mwaka ule, kwamba makanisa yabomolewe na Maandiko Matakatifu yachomwe moto. Karani aliandika yote yaliyoonekana na kusemwa siku ile, na hati yake imehifadhiwa hata leo.

Askofu Paulus alikuwa ameketi, na mapadri, mashemasi na wasaidizi wao wakimzunguka. Walitoa vyombo walivyoulizwa: vikombe viwili vya dhahabu, sita vya fedha, na taa. Karani akahesabu pia mavazi: kanzu za wanawake 82, shela 38, kanzu za wanaume 16, jozi 13 za viatu vya wanaume na jozi 47 za viatu vya wanawake. Tunayo sababu ya kuamini kwamba hiyo ilikuwa akiba ya maskini, hasa ya wajane. Tuishike hesabu hiyo moyoni, kwani tutairudia.

Kabati za vitabu zilikutwa tupu, maana wasomaji walikuwa wamevichukua nyumbani kwao. Wasaidizi wawili walileta kitabu kimoja kikubwa, na walipoulizwa majina ya wasomaji walikataa kuyataja, wakasema kwamba wako tayari kuuawa kuliko kuwasaliti wenzao. Lakini wengine waliwataja, na vitabu vikakusanywa nyumba kwa nyumba. Msaidizi mmoja, jina lake Silvanus, alileta kisanduku cha fedha na taa ya fedha, akisema vilikuwa nyuma ya pipa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika nyumba moja, kwa siku moja: mwenye ushujaa, mwenye woga, na wengi waliokuwa na vyote viwili kwa pamoja.

Waliohukumiana na waliohukumu

Dhuluma ilipopungua, jina jipya la aibu lilienea: "traditor", yaani mtu aliyekabidhi vitabu vitakatifu. Maaskofu kadhaa wa Numidia walikutana Cirta ili kumweka askofu mpya. Mwenyekiti wao, Secundus wa Tigisi, alianza kwa kuwachunguza wenzake mmoja mmoja. Huyu alikiri kwamba alikabidhi kitabu; yule akasema alitoa maandishi ya uganga badala ya Injili. Zamu ilipomfikia Purpurius wa Limata, aliyeshtakiwa kuwa aliwaua watoto wa dada yake, huyo aligeuka kwa hasira na kumwuliza Secundus: na wewe ulishikwa na wakuu wa mji, uliachiliwaje? Chumba kizima kilitikisika. Mwishowe wakaona heri kumwachia Mungu hukumu, kila mtu akae mahali pake. Silvanus, yule wa taa ya fedha, ndiye aliyekuwa askofu wa Cirta. Kumbukumbu za mkutano huo zimetufikia kupitia Mtakatifu Agostino. Wapinzani wake walizibishia, bila kufaulu kuzitangua.

Kama mambo yangaliishia hapo, pengine tungewasifu kwa busara yao. Lakini karibu mwaka 312, watu walewale, pamoja na wengine hata kutimia maaskofu 70, walisafiri mpaka Karthago kumhukumu mwingine. Caecilianus alikuwa amechaguliwa kuwa askofu wa mji huo mkubwa. Walisema kwamba Feliki wa Aptunga, aliyemwekea mikono, alikuwa "traditor", na kwa hiyo uaskofu wake ni batili. Wakamweka Majorinus mahali pake, na baada yake Donatus, ambaye jina lake lilibaki kwa chama kizima: Wadonati.

Nyuma ya shtaka hilo kulikuwa na kidonda kingine. Mama mmoja tajiri, Lucilla, alikuwa na desturi ya kubusu mfupa wa mtu aliyemheshimu kama mfiadini kabla ya kupokea Komunyo. Caecilianus, alipokuwa bado shemasi, alimkemea mbele ya watu. Mama huyo hakusahau. Majorinus alikuwa mtu wa nyumbani kwake. Mwaka 320, mbele ya hakimu Zenophilus, mashahidi walieleza jinsi Lucilla alivyotoa fedha nyingi kwa maaskofu, na jinsi maskini wasivyoona hata senti. Katika kikao hichohicho ilithibitishwa kwamba Silvanus, mmoja wa waliomhukumu Caecilianus, alikuwa yeye mwenyewe amekabidhi vyombo vya kanisa. Akapelekwa uhamishoni. Na Feliki wa Aptunga je? Uchunguzi ulionyesha kwamba hakuwa na kosa. Mtu mmoja alikiri kwamba aliongeza maneno katika barua ili kumtia hatiani.

Tusiwe wepesi kuwacheka. Wadonati walikuwa na hoja iliyowagusa watu wema. Mwaka 304 Wakristu 49 wa Abitina walikamatwa kwa sababu ya kukusanyika kwa Misa ya Dominika, nao walikiri imani yao kwa ujasiri katika mateso ya Karthago. Masimulizi yaliyoandikwa na upande wa Donatus yanadai kwamba Caecilianus aliweka walinzi wenye mijeledi ili kuwazuia ndugu wasiwapelekee wafungwa chakula. Kama ni kweli, ni dhambi nzito; kama si kweli, ni masingizio mazito. Kwa vyovyote, watu walioona damu ya ndugu zao hawakutaka Eklezya iwe ya bei rahisi. Kosa lao halikuwa kuwapenda wafiadini. Kosa lao lilikuwa kuigeuza damu ya wafiadini iwe fimbo ya kuwapigia wengine.

Mtaguso wa Arles, mwaka 314, ulitoa jibu ambalo lingetufaa hata sasa. Kwanza, sakramenti haipotezi nguvu kwa sababu ya udhaifu wa mhudumu wake, maana ni kazi ya Kristu mwenyewe. Pili, anayedaiwa kuwa "traditor" ashtakiwe kwa hati za serikali, si kwa maneno matupu. Tatu, anayemshtaki ndugu yake kwa uongo atengwe na Komunyo mpaka siku ya kufa. Mababa wa mtaguso waliona kwamba ulimi unaweza kuwa na kosa zito kama la mkono uliokabidhi kitabu.

Madhabahu mbili katika mji mmoja

Shauri hilo halikusikilizwa. Kwa zaidi ya miaka 100, miji ya Afrika ya Kaskazini ilikuwa na maaskofu wawili, makanisa mawili, madhabahu mbili. Wadonati walimbatiza upya kila aliyetoka kwa Wakatoliki. Walipotwaa kanisa la Wakatoliki, walikwangua madhabahu na kuosha kuta, kana kwamba sala ya jirani ilikuwa uchafu. Kwa upande mwingine, mwaka 347 wajumbe wa Kaisari walikuja na askari kulazimisha umoja, damu ikamwagika, na Wakatoliki wakafurahia umoja uliopatikana kwa upanga. Hivyo kila upande ulipata wafu wa kukumbuka, na kila kumbukumbu ilizaa hukumu mpya.

Katika giza hilo, askofu Optatus wa Milevi aliandika vitabu vya kumjibu Parmenianus, kiongozi wa Wadonati wa Karthago. Alibishana naye kwa ukali, lakini aliendelea kumwita ndugu. Alijua kwamba Parmenianus hakulitaka jina hilo. Akashikilia kwamba wote wawili wanamwita Mungu Baba yetu, basi hawawezi kuacha kuwa ndugu, hata mmoja akikataa.

Mtakatifu Agostino, askofu wa Hipo tangu karibu mwaka 395, aliirithi kazi hiyo. Aliwakumbusha wote mfano wa ngano na magugu: shamba limechanganyika mpaka siku ya mavuno, na wavunaji ni malaika, si sisi. Katika kuieleza barua ya kwanza ya Mtakatifu Yoane alifundisha kwamba aliyejitenga na ndugu zake, hata akiwa na ubatizo na imani sahihi, amekosa lile jambo moja linaloyapa mengine uhai, yaani mapendo.

Mwezi Juni 411 pande zote mbili ziliitwa Karthago kujadiliana mbele ya mjumbe wa Kaisari, Marcellinus. Walifika maaskofu Wakatoliki zaidi ya 280, na Wadonati karibu idadi hiyohiyo. Mjumbe aliwaalika waketi. Wadonati wakakataa kuketi pamoja na watu waliowahesabu kuwa waovu. Marcellinus naye, kwa heshima, akabaki amesimama. Fikirini mamia ya maaskofu wa Afrika, wenye Injili moja na zaburi zilezile, wasioweza kukalia benchi moja!

Kabla ya mkutano huo maaskofu Wakatoliki walikuwa wametoa ahadi ya ajabu. Tukishindwa, walisema, tutaacha viti vyetu. Tukishinda, wenzetu wabaki maaskofu pamoja nasi. Na mahali ambapo waamini hawawezi kuwavumilia maaskofu wawili, wote wawili wajiuzulu na achaguliwe mwingine. Waliona kwamba cheo chao ni kwa ajili ya watu wa Kristu, na kwamba inafaa kukiacha ikiwa kinazuia umoja.

Ukweli unatudai tuseme pia lisilopendeza. Baada ya hukumu kuwaangukia Wadonati, sheria za Kaisari ziliwatoza faini na kuwanyang'anya makanisa. Agostino, ambaye zamani alikataa kulazimisha watu, alikwisha kubadili shauri lake akazikubali sheria hizo. Hata hivyo, Wadonati kadhaa walipokiri kwamba walimwua padri mmoja na kumng'oa mwingine jicho na kumkata kidole, Agostino alimwandikia Marcellinus akimsihi wasiuawe wala wasikatwe viungo. Mtu mmoja, moyo mmoja, na ndani yake mkono wa kulazimisha na mkono wa kusihi. Hata watakatifu wetu tunawasoma bila kuwahukumu na bila kuwaficha.

Mwaka 429 Wavandali walivuka bahari na kuingia Afrika. Agostino alikufa tarehe 28 Agosti 430, adui wakiwa wameuzingira mji wake. Eklezya ile ya wafiadini na walimu wakubwa ilidhoofika, na katika karne zilizofuata ikafifia. Sababu zilikuwa nyingi, wala hatuwezi kulitwika farakano peke yake mzigo wote. Lakini nani atasema kwamba madhabahu mbili katika kila mji ziliitia nguvu?

Sisi leo

Ndugu wapendwa, tumwangalie tena Purpurius na Secundus katika chumba kile. Walipokuwa peke yao, kila mmoja akijua siri ya mwenzake, walijua kusema: tumwachie Mungu. Walipofika mji wa wengine, waliisahau huruma waliyojipa wenyewe. Je, si desturi yetu? Dhambi ya ukoo wangu ina historia na sababu. Dhambi ya jirani ina jina tu.

Kutokuhukumu si kuita ubaya wema. Mtaguso wa Arles ulitaka ushahidi. Hakimu wa mwaka 320 alisikiliza mashahidi. Aliyeibiwa ana haki ya kudai chake, na aliyeumizwa hapaswi kunyamazishwa kwa jina la mapendo. Lakini kupima tendo ni jambo moja, na kumfungia mtu mlango wa nyumba ya Baba ni jambo jingine. La kwanza tumeruhusiwa, tena kwa unyenyekevu. La pili halikuwa letu kamwe.

Sisi nasi tu watoto wa wafiadini. Mwenyeheri Anuarite Nengapeta, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, alimsamehe muuaji wake kabla ya kukata roho. Anayetaka kujivunia damu hiyo, airithi na msamaha uliotoka pamoja nayo.

Tumalizie pale tulipoanzia. Kabla ya ugomvi, Wakristu wa Cirta walikuwa na kanzu za wanawake 82 na viatu jozi 60 ndani ya nyumba ya Mungu. Baada ya ugomvi kuanza, fedha ilipita mikononi mwa maaskofu na maskini hawakuiona. Hicho ndicho kipimo ambacho kila jumuiya inaweza kujipimia. Tunapotumia jioni nzima kujadili nani hastahili, tujiulize ni nani katika mtaa wetu aliyekosa nguo jioni ileile, na kama katika kundi letu yupo bado anayemkumbuka.

Bwana atujalie mioyo inayoogopa hukumu yake kuliko inavyopenda kutoa ya kwetu. Amina.