Stara, Sheria na Unga: Msongo wa Wanaume Wanaojamiiana na Wanaume, Unguja, 1980–2015

Heroini iliingia Unguja katika miaka ya 1980. Vijana wa Mji Mkongwe na Ng'ambo waliiita unga, na wengi waliianza kwa kuivuta katika kokteli, yaani sigara iliyochanganywa na bangi, kabla ya sindano kuenea. Historia hiyo huandikwa zaidi kama historia ya bandari, utalii na ukosefu wa ajira. Sehemu hii inadai kuwa kwa wanaume wanaojamiiana na wanaume maelezo hayo hayatoshi.

Nadharia ya msongo wa walio wachache, iliyofafanuliwa na Ilan Meyer nchini Marekani mwaka 2003, inaeleza kuwa unyanyapaa, hofu ya kukataliwa na kujificha huongeza mzigo juu ya shida za kawaida za maisha. Mtafiti anaikubali kwa tahadhari. Unguja, kujificha si mzigo mtupu. Ipo stara, adabu ya kutolitangaza la faragha, inayomhifadhi mhusika pamoja na jamaa zake. Aliyejulikana na majirani aliweza kuoa, kualikwa harusini na kuzikwa na watu wa mtaa wake, mradi hakuna aliyelazimika kulitaja jambo lenyewe. Hata hivyo stara isitukuzwe: ilimfaa zaidi mwenye ukoo na uwezo.

Sheria ya jinai iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza tayari iliadhibu tendo hilo. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha marekebisho yaliyowataja pia wanawake. Kwa hoja yetu, uzito wa marekebisho hayo haumo katika adhabu pekee. Lililokuwa likinyamaziwa sasa lilijadiliwa hadharani. Mwaka 2006 jumuiya ya Uamsho ilipinga sherehe ya kumkumbuka Freddie Mercury, mzaliwa wa Mji Mkongwe, na sherehe ikafutwa. Msanii huyo alikuwa amefariki tangu 1991. Waliosikia maneno yale walikuwa hai.

Utafiti wa kitabibu wa mwaka 2007 uliwafikia wanaume 509 kwa njia ya kualikana, kila mmoja akiwaleta wenzake. Takriban asilimia 12 walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali kiwango cha umma kwa jumla hakikufika asilimia 1. Takriban asilimia 14 walikuwa wamejidunga katika miezi mitatu iliyotangulia. Kwa mwanahistoria, mwaliko wenyewe ni ushahidi: miaka mitatu baada ya sheria, mitandao ya kuaminiana ilikuwa bado hai. Lakini takwimu hizo hazithibitishi kuwa msongo ulitangulia sindano. Yumkini baadhi walianza na unga, kisha wakauza ngono ili waupate. Kuwachanganya hawa na wale waliokimbilia unga kutokana na fedheha ni kosa ambalo nadharia ya Meyer, ikitumiwa kwa haraka, hulirahisisha.

Tiba nayo ilikuja na sharti lake. Nyumba za upataji nafuu zilianza mwaka 2009 na kufuata hatua 12, ambazo humtaka mtu aungame makosa yake mbele ya mwenzake. Mraibu aliweza kuivua stara ya unga na akapokewa. Ile nyingine ilibidi abaki nayo, hata kama ndiyo iliyokuwa chanzo. Kliniki ya methadoni iliyofunguliwa Kidongo Chekundu mwaka 2015 ilimpa dawa ya kila siku bila kudai ungamo la namna hiyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, masimulizi yanayotumika katika sura zinazofuata hayataji majina, umri wala mitaa ya wasimulizi.