Aliyesema ni Nani? Historia ya Kutaja Asili ya Maneno katika Maandishi ya Kiswahili

Mara nyingi hudhaniwa kwamba desturi ya mwandishi kutaja alikoyatoa maneno yake iliingia katika Kiswahili pamoja na chuo kikuu, na kwamba kabla ya hapo Waswahili waliandika bila ya kujali nani alisema nini. Dhana hiyo huchochewa na jambo lililo wazi: misemo mingi inayotumika katika makala ya kitaalamu, tangu “kulingana na” hadi “kama ilivyotajwa hapo juu”, imefuata Kiingereza hatua kwa hatua. Lakini historia ya jambo lenyewe ni ndefu zaidi, na kwa sehemu ni ya kusikitisha, maana ndani yake wamo watu waliosema mengi na majina yao yakabaki nje ya jalada.

Msingi wa kwanza ni elimu ya Kiislamu. Mwanafunzi wa chuoni Lamu, Mombasa au Unguja alifundishwa kwamba hadithi ya Mtume haikubaliwi kwa uzuri wa maneno yake tu. Hutakiwa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi, fulani kwa fulani, mpaka kumfikia aliyesikia kwa masikio yake. Wala wanazuoni hawakutosheka na orodha ya majina. Waliuliza kama wapokezi wawili waliofuatana walipata kukutana, na kama kila mmoja alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi vema. Istilahi za elimu hiyo zilienea hata nje ya msikiti. Katika tendi za kale mtungaji aghalabu humwachia rawi kauli, akajitaja yeye kuwa ni mfasiri tu wa yaliyomo katika chuo cha Kiarabu. Neno “riwaya”, ambalo leo ni jina la hadithi ndefu ya kubuni, lilikuwa na maana ya habari iliyopokewa kwa mtu, na kusema kwamba pana riwaya nyingine kulikuwa kusema kwamba habari hiyo hiyo imepokewa kwa njia nyingine. Hivyo neno lililodai ushahidi limeishia kuwa jina la utanzu usiodaiwa ushahidi wowote. “Kunukuu” na “kunakili” nayo ni maneno ya shina moja la Kiarabu, lenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi pengine. Kuyatenga mawili hayo, moja liwe la kutaja maneno ya mtu na la pili liwe la kutoa nakala, ni kazi iliyofanywa na Kiswahili chenyewe.

Mbali na mkopo huo, lugha ina vyombo vyake. “Eti” humwarifu msikilizaji kwamba maneno si ya msemaji, na papo hapo kwamba msemaji hayadhamini. “Inasemekana” hutoa habari na kumficha mwenyewe. “Wahenga husema” hutaja chanzo kisichoweza kuhojiwa, maana wahenga hawapo. Ajabu ni kwamba “eti” imefukuzwa kabisa katika maandishi ya kitaalamu kwa kuonekana ya mitaani, hali “inasemekana”, ambayo ni hafifu zaidi kwa mwenye kutafuta ukweli, imekaribishwa sebuleni.

Umuhimu wa mambo haya waonekana vizuri katika tarehe ya Pate. C. H. Stigand aliichapisha kwa Kiingereza katika kitabu chake cha 1913, Alice Werner alitoa matini ya Kiswahili pamoja na tafsiri katika 1914 na 1915, M. Heepe naye alitoa yake mwaka 1928. Msomaji wa haraka aonapo matoleo matatu yanayokubaliana katika mengi huona kwamba habari imethibitishwa mara tatu. Lakini asili yake yarudi kwa mtu mmoja, Muhammad bin Fumo Umar Nabahani, aliyejulikana kwa jina la Bwana Kitini, ambaye naye aliipokea kwa babu yake, Bwana Simba. Matoleo ni matatu na shahidi ni mmoja. Marina Tolmacheva, aliyezikusanya nakala hizo pamoja katika kitabu cha 1993, alifanya kazi ambayo mwanachuoni wa hadithi angaliitambua mara moja: kuuliza nani alipokea kwa nani kabla ya kuuliza ni lipi la kweli.

Wakati wa ukoloni mambo yaligeuka. Mwaka 1903 kilitokea Göttingen kitabu cha Desturi za Wasuaheli, na jina lililotangulia lilikuwa la Carl Velten, mkusanyaji. Sehemu kubwa ya maneno ilikuwa ya Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili na kufia huko mwaka 1927. Kwa miaka mingi wataalamu walimtaja Velten kwa maneno ambayo Velten hakuyasema. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyochapishwa 1981, ndiyo iliyoliweka jina la Mtoro katika anwani ya kitabu.

Mombasa nayo ina mfano wake. Mashairi ya Muyaka bin Haji yalihifadhiwa katika makaratasi ya W. E. Taylor, na kutoka humo W. Hichens akatoa Diwani ya 1940. Baina ya Muyaka na Taylor alikuwapo Mwalimu Sikujua bin Abdallah, ambaye ndiye aliyeyakusanya mashairi na kuyafafanua kwa ujuzi wake wa mji na wa lugha. M. H. Abdulaziz, katika kitabu chake cha 1979, aliirudia hazina hiyo hiyo. Hata hivyo, mwenye kunukuu ubeti leo aghalabu huandika jina la Muyaka na mwaka wa chapa, na kiungo cha kati kikakatika. Katika isnadi, mnyororo uliokatika hivyo hudhoofisha hadithi. Katika makala hupita bila ya kuulizwa.

Idara ya Kiswahili ilipoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na somo likaanza kufundishwa kwa lugha yenyewe, ilibidi misemo ya kutaja marejeo ipatikane upesi. Wengi wa waandishi walikuwa wamesomeshwa kwa Kiingereza, na walitafsiri walichokizoea. Palipokuwa na “according to” waliandika “kulingana na” au “kwa mujibu wa”, kana kwamba ni mamoja. Si mamoja. Kulingana ni kuwa sawa, kama vitu viwili vilivyopimwa. Mujibu ni jamaa wa wajibu, na “kwa mujibu wa sheria” ni kama sheria inavyolazimisha. Anayeandika “kwa mujibu wa Fulani” humpa Fulani nguvu za kadhi bila ya kukusudia. “Fulani asema” lingetosha mara nyingi. Kitenzi “kudai” kilipewa kazi ya kutoa hoja isiyokubaliwa bado, ingawa katika masikio ya wengi anayedai angali mwenye deni lake. “Kuhoji” ndiko kulikoleta utata mkubwa: kwa mwandishi mmoja “Fulani anahoji kuwa” maana yake ni kwamba anashikilia jambo, na kwa mwingine ni kwamba analitilia shaka. Msomaji aweza kumaliza ukurasa asijue Fulani yuko upande gani.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kiingereza chenyewe kiliazima. “Ibid.” na “op. cit.” ni Kilatini, na yamekuwa yakipungua, mwongozo wa Chicago, katika toleo la 2017, ulishauri “ibid.” isipendelewe. Mtindo wa jina na mwaka katika mabano, ambao wanafunzi huuona kama sheria ya tangu na tangu, hunasibishwa na makala ya 1881 ya Edward Laurens Mark, mtaalamu wa elimu ya wanyama katika Harvard. Wenye kuandika “taz.”, “uk.” na “na wenzake” hawakuwa nyuma ya mtu, walikuwa wakifanya walivyofanya Waingereza kwa Kilatini, kwa namna iliyo wazi zaidi.

Lililobaki bila ya msemo wa kuridhisha ni neno la mdomo. Kitabu kina mwandishi, mwaka na ukurasa. Mzee wa Mji wa Kale aliyekaa na mtafiti alasiri tatu, akamfafanulia beti ambazo hakuna kamusi inayozieleza, huandikwa “msailiwa”, au “mzee mmoja wa Mombasa”, hata pale alipokuwa radhi kutajwa. Mtafiti huwa ameandika jina lake kamili katika daftari, pamoja na mtaa na jina la aliyemfunza mzee huyo mashairi. Daftari hubaki nyumbani.