Mgeni analala kwetu: mwongozo kwa nyumba za waamini



Kalemie ni mji wa wageni. Meli na mitumbwi ya injini hutoka Uvira, Moba na Kigoma, na reli huleta watu kutoka Kabalo. Mwaka 2017, mapigano kati ya Watwa na Waluba yalipofukuza watu vijijini, na tena mwanzoni mwa 2025, vita vya Kivu vilipowasukuma ndugu zetu wa upande wa Uvira kupanda mitumbwi kuja huku, wengi walilala katika nyumba za jamaa na za waamini. Na kila kunapokuwa na semina, mkutano wa kanisa au maziko, karatasi husomwa ibadani: familia hii itapokea wawili, ile watatu. Tunaitika kwa furaha, kisha tukifika nyumbani tunaulizana: watalala wapi?

Waebrania 13:2 inatukumbusha kwamba wako waliopokea malaika bila kujua. Lakini moyo mzuri peke yake hautandiki kitanda. Katika 2 Wafalme 4, mwanamke wa Shunemu aliongea kwanza na mume wake, kisha wakamtayarishia Elisha chumba kidogo chenye kitanda, meza, kiti na taa. Vitu vinne tu, lakini vilikuwa tayari kabla mgeni hajafika.

1. Patana kwanza nyumbani

Baba asiandikishe jina kanisani bila kumwambia mama. Ni mama atakayechota maji, kuwasha mbabula na kulala wa mwisho. 1 Petro 4:9 inataka tukaribishe bila kunung'unika, na manung'uniko mengi huanza pale mmoja alipoamua peke yake. Watoto nao waambiwe nani anakuja, kwa siku ngapi, na nani atahama chumba.

2. Mahali pa kulala

Siku moja kabla, fagia chumba, anika godoro juani, fua shuka. Acha msumari au kamba ya kutundikia nguo. Wanaume na wanawake wasichanganywe, isipokuwa mume na mke.

Hapa nakiri kosa langu. Miaka iliyopita tulipokea watumishi watatu. Kwa heshima tuliwapa chumba cha watoto pamoja na vyandarua vyote, na watoto wakalala sebuleni juu ya mkeka bila kitu. Wageni walituombea baraka, wakaondoka. Siku kumi baadaye binti yetu mdogo alishikwa na malaria kali, tukakesha naye hospitalini. Mungu alimponya. Tangu hapo sheria ya nyumba yetu ni hii: chandarua cha mtoto hakiondolewi kwa ajili ya mgeni, hata awe askofu. Malaria huua zaidi watoto walio chini ya miaka 5. Kama vyandarua havitoshi, azima kwa jirani, au mwambie mgeni mapema aje na chake.

3. Maji na choo

Kolera haijatoka kando ya ziwa letu. Maji ya ziwa au ya Lukuga yasinywewe hivi hivi. Yachemshe mpaka yatokote vizuri kwa dakika moja au zaidi, au tia dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa, kisha weka katika bidoni safi yenye kifuniko. Weka maji na sabuni mlangoni pa choo.

Mgeni akifika, hata kama ni usiku wa manane kwa sababu upepo umechelewesha mtumbwi, mwonyeshe choo kabla ya kumwonyesha chakula, na umwachie tochi. Wengi huona haya kuuliza.

Akianza kuharisha maji maji mengi, usifiche kwa kuogopa aibu. Mpeleke mara moja kwenye kituo cha afya. Njiani aendelee kunywa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

4. Chakula

Bukari, sombe na ndakala vinatosha. Usikope kuku kwa ajili ya sifa. Muulize mgeni kama kuna chakula asichokula au dawa anayomeza kwa saa. Mashemasi wasiiache familia moja ibebe mzigo: ikiwa mkutano ni wa siku nne, jumuiya ichange unga, makala na sabuni kabla ya wageni kufika.

5. Usalama

Mjulishe shefu wa avenyu kwamba una mgeni, na umwombe mgeni awe na kadi yake ya uchaguzi karibu. Mtoto asilazwe chumba kimoja na mgeni, hata akiwa mtumishi wa Mungu. Tukiiweka kuwa sheria ya kila nyumba, hakuna atakayeona anashukiwa, na watoto wetu watalindwa.

6. Siku za kukaa

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kanisa la kwanza nalo lilijua jambo hili. Maandishi ya kale yaitwayo Didake yanaruhusu msafiri kukaa siku mbili au tatu, na anayetaka kubaki afanye kazi ale. Kwa mgeni wa mkutano, sema siku mapema. Kwa aliyekimbia vita ni tofauti, kwa maana hana pa kurudi. Huyo msihesabiane naye siku. Kaeni naye, mpange kazi na matumizi pamoja, na mzee wa kanisa ajue, ili mzigo ugawanywe.

Jioni kabla ya mgeni kufika, hakikisha:

- mahali pa kulala na chandarua, cha mgeni na cha kila mtoto;
- maji safi ya kunywa na ya kuoga;
- sabuni na tochi;
- shefu wa avenyu amejulishwa;
- mama wa nyumba amepata wa kumsaidia.

Katika 3 Yohana, Gayo anasifiwa kwa kuwapokea ndugu wageni na anaombwa awasafirishe vizuri. Basi asubuhi ya kuondoka, omba na mgeni wako, mfungie hata mihogo ya njiani, na umsindikize mpaka bandarini.

Mungu abariki nyumba zenu.