Gari la otomatiki: Lipime vipi barabarani kabla ya kutoa arbuni

MNUNUZI wa gari lililotumika huingia katika yadi akiwa na akiba ya miaka, au mkopo wa chama cha akiba na mikopo atakaoulipa kwa miezi mingi. Ajabu ni kwamba uamuzi wa kutoa fedha hizo aghalabu hufanywa baada ya kuliendesha gari kwa dakika kumi tu, tena injini ikiwa imeshapata moto, kwenye barabara tambarare iliyochaguliwa na mwuzaji mwenyewe.

Dakika hizo zatosha kujua kama redio inalia na kiyoyozi kinapuliza. Hazitoshi hata kidogo kuijua hali ya giaboksi. Na katika gari la otomatiki, giaboksi ndiyo sehemu ambayo ikiharibika hugharimu mnunuzi makumi, au hata mamia ya maelfu ya shilingi, huku gari likilala kwa fundi.

Jambo hili lawahusu wengi. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayouzwa katika yadi za barabara za Ngong na Kiambu jijini Nairobi, pamoja na zile za Mombasa, hutoka Japani, na mengi kati yake ni ya otomatiki. Sheria hairuhusu kuingiza nchini gari lililotumika ambalo umri wake umepita miaka minane, na kabla ya kusafirishwa hukaguliwa huko litokako kwa niaba ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). Hata hivyo, cheti cha ukaguzi huo si dhamana ya giaboksi. Gari laweza kupita ukaguzi wa breki, taa na magurudumu, kisha giaboksi yake ikaanza kuteleza kabla ya mwaka kwisha.

Otomatiki si za aina moja

Kabla hujaketi kwenye usukani, uliza ni giaboksi ya aina gani. Wauzaji wengi hujibu tu kwamba ni "otomatiki" na kunyamaza, ilhali neno hilo limebeba mitambo mitatu inayougua maradhi tofauti.

Ya kwanza ni ile ya jadi, yenye gia halisi nne, tano, sita au zaidi, ambayo hupokea nguvu za injini kupitia mafuta yanayozungushwa ndani ya chombo kilichofungwa. Hii ndiyo iliyozoeleka tangu kampuni ya General Motors ilipoanza kuiuza katika magari ya Oldsmobile ya mwaka wa 1940. Ni ngumu, na mafundi wengi hapa nchini wanaijua vyema.

Ya pili ni CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ndani yake mna mkanda wa chuma unaozunguka baina ya puli mbili zinazopanuka na kujibana. Magari mengi madogo ya Toyota, Nissan, Honda na Subaru ya miaka ya karibuni yanaitumia kwa kuwa hupunguza matumizi ya petroli. CVT haisamehe uzembe wa mafuta. Ikiwekewa mafuta ya giaboksi ya kawaida badala ya yale yaliyotengenezewa aina hiyo, mkanda huanza kuteleza na kuikwaruza puli.

Ya tatu hutumia klachi mbili zinazoendeshwa na kompyuta, kama ilivyo katika magari mengi ya Volkswagen. Honda nayo iliitumia katika Fit Hybrid na Vezel Hybrid, na ikalazimika kuyaita magari hayo mara kadhaa nchini Japani katika miaka ya 2013 na 2014 ili kurekebisha hitilafu, zikiwemo za programu inayoongoza giaboksi. Ukikumbana na gari la kundi hili, nakili nambari ya chesisi na utake kujua kama lilirekebishwa. Magari ya mseto ya Toyota, mathalani Aqua, yana mfumo wao tofauti usiotumia mkanda. Humo hofu kubwa huwa ni betri, nayo ni mada ya siku nyingine.

Fika asubuhi, gari likiwa baridi

Hitilafu nyingi za giaboksi hujitokeza gari likiwa baridi kabisa au likiwa limepata moto sawasawa. Kati ya hali hizo mbili, gari bovu laweza kukwenda kwa ulaini usiotiliwa shaka. Ndiyo sababu mwuzaji mjanja hulinguruma gari nusu saa kabla hujafika.

Mimi nimejifunza kutopiga simu mapema. Nikifika yadini, jambo la kwanza ni kuweka kiganja juu ya boneti. Ikiwa na joto, nami sikuambiwa kwamba kuna mteja aliyetangulia, nasema nitarudi kesho. Kuna aliyewahi kunikasirikia kwa hilo. Sikurudi kwake.

Gari likiwa baridi, washa swichi bila kupiga starti na utazame dashibodi. Taa zote za tahadhari, ikiwemo ile ya injini, zapaswa kuwaka kisha zizimike injini inapoanza kunguruma. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko ile iliyokataa kuzima, kwani huenda kuna mtu aliyeing'oa ama kuiziba. Wengine hutenganisha waya wa betri ili kufuta kumbukumbu za hitilafu. Fundi mwenye kifaa cha kusoma kompyuta ya gari ataligundua hilo, kwa sababu baada ya kufutwa, kompyuta huonyesha kwamba haijamaliza kujikagua.

Kisha kanyaga breki na upige starti. Gari la otomatiki halipaswi kuwaka likiwa katika D wala R, bali P au N pekee. Vilevile, katika magari mengi ya kisasa, mkono wa gia haupaswi kutoka P kabla hujakanyaga breki.

Sasa, mguu ungali kwenye breki, toa gia kutoka P hadi R na usubiri. Utahisi gari likijikaza kidogo, kama mtu aliyeguswa begani. Rudisha N, kisha nenda D. Zoezi hili la sekunde chache lina manufaa kuliko safari nzima ya kuzunguka mtaa. Endapo gari litachukua sekunde mbili au zaidi kabla ya kuitikia, shinikizo la mafuta ndani ya giaboksi limepungua au kuna sehemu iliyochakaa. Likiitikia kwa kishindo cha kukutikisa kitini, kuna kasoro pia, ingawa wakati mwingine kishindo hutokana na mipira iliyoshikilia injini, ambayo gharama yake ni nafuu. Rudia mara tatu au nne.

Wewe uchague njia

Hakikisha kwanza kwamba gari lina bima inayokuhusu wewe kama dereva. Leseni yako nayo iwe ya daraja linalofaa. Leseni ya daraja la B1 humruhusu mtu kuendesha gari dogo la otomatiki, na aliyehitimu kwa gari la gia za mkono haimzuii kuendesha la otomatiki. Huyu wa gia za mkono, hata hivyo, ana hatari yake: mguu wa kushoto huitafuta klachi isiyokuwepo na kuishia kukanyaga breki kwa nguvu zote. Uvute mguu huo nyuma, uuache hapo, na utumie wa kulia pekee kwa breki na kichapuzi.

Omba muda usiopungua nusu saa na uchague njia yenye foleni, sehemu ya kwenda kwa kasi na mlima. Mnunuzi wa Nairobi anaweza kufuata Barabara ya Kiambu, inayoshuka na kupanda mabonde ya mito. Wa Mombasa atalazimika kutoka kisiwani na kuelekea Mazeras, mahali ambapo barabara huanza kupanda. Wa Kisumu ana mlima wa Riat.

Anza kwa kuachilia breki kwenye ardhi tambarare bila kukanyaga kichapuzi. Gari litambae lenyewe polepole. Lisipotambaa, au likitambaa kwa kusitasita, tia alama. Yale ya klachi mbili huenda yakawa mazito kidogo katika hili.

Kwenye foleni, sikiliza mwili wako zaidi ya masikio. CVT iliyochoka na ile ya klachi mbili hutetemeka gari likienda baina ya kilomita 10 na 40 kwa saa, hususan ukikanyaga kichapuzi kwa wepesi. Ni mtetemo kama wa gari linalopita juu ya matuta madogo yaliyofuatana, ilhali lami ni laini. Mwuzaji atasema ni magurudumu. Mtetemo wa magurudumu huongezeka na kasi na kuhisika kwenye usukani, lakini huu wa giaboksi hutoweka kasi inapopanda.

Ukifika mahali wazi, ongeza mwendo taratibu na utazame mshale wa mizunguko ya injini. Katika giaboksi ya jadi, mshale hupanda, hushuka kidogo gia inapobadilika, kisha hupanda tena. Mizunguko ikipaa ghafla huku kasi ikibaki palepale, giaboksi inateleza, na hapo huna haja ya kuendelea na jaribio. Katika CVT mshale hupanda na kutulia huku kasi ikiongezeka, na hilo si kosa. Mlio mkali kama wa nyuki unaopanda na kasi ndio wa kutiliwa shaka.

Halafu, ukiwa unakwenda kilomita 50 kwa saa na barabara inaruhusu, kanyaga kichapuzi hadi chini kana kwamba unampita mtu. Giaboksi inapaswa kushuka gia mara moja na gari lichomoke. Hapa wakazi wa nyanda za juu wasiwe wepesi wa kulaumu. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na taba hupoteza yapata asilimia 15 ya nguvu zake kwa sababu hewa ni haba. Gari la sisi 1,000 lililobeba watu wanne likijikokota mlimani huenda ni dogo tu, si gonjwa.

Mlimani, simama katikati ya mwinuko kisha uondoke. Tafuta pia mahali salama pa kupanda kwa kurudi nyuma, kwa kuwa gia ya R hudhoofika kimyakimya na wanunuzi wengi huijaribu kwa mita tano za yadini pekee. Mwisho wa zoezi hilo, weka P, achilia breki ya mkono na baadaye breki ya mguu polepole. Gari litajisogeza kidogo kisha likwame. Likiendelea kuteremka, kikwamisho cha ndani ya giaboksi kimevunjika.

Ukirejea yadini gari likiwa moto, usikabidhi ufunguo. Rudia lile zoezi la P, R, N na D. Gari lililoitikia vyema asubuhi na sasa linakawia ndilo ambalo safari fupi ingelificha. Tandika kipande safi cha katoni chini yake na usubiri robo saa. Maji ni ya kiyoyozi, nayo hayana neno. Tone jekundu au la hudhurungi chini ya giaboksi huenda likawa mafuta yake. Kama kuna kijiti cha kupimia, kipanguse kwa kitambaa cheupe na ukinuse: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua yamepitwa na wakati, na yameunguza kitu.

Karatasi nazo zinasema

Omba karatasi ya mnada wa Japani na cheti cha kuliondoa gari nchini humo, ulinganishe kilomita zilizoandikwa humo na zilizo kwenye dashibodi. Mita hurudishwa nyuma kwa urahisi mno siku hizi. Gari la kilomita 160,000 ambalo giaboksi yake haijawahi kubadilishwa mafuta ni tofauti kabisa na lile la kilomita 60,000 unaloonyeshwa.

Kuna jambo la kisheria ambalo wanunuzi hawalifahamu. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, humlinda anayenunua kwa mfanyabiashara wa bidhaa hizo dhidi ya bidhaa isiyofaa kuuzwa. Lakini mnunuzi aliyeikagua bidhaa hapati kinga hiyo kwa kasoro ambazo ukaguzi wake ulipaswa kuzifichua. Kwa maneno mengine, ile safari ya dakika kumi yaweza kukugeukia. Ukiliendesha gari, likatetemeka, nawe ukanyamaza na kulipa, mwuzaji atadai kwamba ulijua.

Kwa hivyo, kila ulichokiona kiandikwe kwenye mkataba kabla ya arbuni: kilomita za siku hiyo, mshtuko katika gia ya R, tone lililoonekana, pamoja na ahadi ya nani atalitengeneza na kwa muda gani. Ahadi ya mdomo kwamba "tutakubadilishia mafuta" haina uzito, na mafuta mapya hayaponyi giaboksi iliyokwisha.

Mwuzaji akikataa gari lisijaribiwe likiwa baridi, au akisisitiza kwamba ni lazima yeye awe kwenye usukani, mwombe akubali angalau likaguliwe na fundi wako au wakaguzi wa Chama cha Magari cha Kenya (AA) kwa gharama yako. Akilikataa na hilo, yadi inayofuata haiko mbali.