Njia Yaliyopita Mashairi ya Muyaka

Ndani ya Ngome ya Yesu, Mombasa, makumbusho humwonyesha mgeni mizinga, vyombo vya kaure na mabaki ya Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama chini ya kuta hizi mwaka 1697. Mimi nilikwenda pale kumtafuta mshairi.

Muyaka bin Haji al-Ghassaniy alizaliwa Mvita, yaani Mombasa, yapata mwaka 1776. Watawala walikuwa Wamazrui, na makao yao yalikuwa humu humu Ngomeni. Muyaka alikuwa mtu wao. Mombasa ilipogombana na Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, mashairi yalivuka bahari kabla ya majahazi ya vita: Muyaka akirusha kijembe huku, Bwana Zahidi Mngumi wa Lamu akijibu kule. Zaidi ya siasa, alitunga juu ya mapenzi, urafiki uliovunjika na ufukara, mambo ambayo watu wa sokoni waliyaelewa bila kufasiriwa.

Ukitoka langoni ukaingia Mji wa Kale, unapita Msikiti wa Mandhry, wa mwaka 1570, kisha unateremkia Bandari ya Kale, penye jumba la Leven. Jina hilo ni la manowari ya Waingereza. Mwaka 1824 Wamazrui, kwa kumhofia Seyyid Said, mtawala wa Omani, waliomba kinga ya Nahodha Owen wa manowari hiyo. Bendera ya Uingereza ikapepea hadi 1826, ikateremshwa. Mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Muyaka aliyaona yote hayo, akafa yapata 1840, walinzi wake wakiwa wameshaanguka.

Mashairi yake yakabaki vichwani mwa watu. Hapo ndipo anapoingia mtu ambaye, kwa maoni yangu, Mombasa haijamshukuru vya kutosha: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi. Katika miaka ya 1880 aliyakusanya, akayaandika kwa hati ya Kiarabu, akamfafanulia William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekuwa akijifunza Kiswahili mjini.

Kazi hiyo si ya kunakili tu. Mshororo wa shairi una mizani 16, 8 kila kipande, na vina vya kati na vya mwisho. Ukibadilisha neno la kina, sikio linakushtaki hapo hapo. Kwa hiyo umbo la shairi hujilinda lenyewe. Fumbo halijilindi. Nani alikuwa akipigwa kijembe? Ugomvi gani ulikuwa umezuka wiki ile? Zaidi ya miaka 40 baada ya mtunzi kufa, majibu yalikuwa kwa wazee wachache, na Sikujua aliwahi kuyapata. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1890. Angechelewa kidogo tu, tungebaki na beti nzuri zisizofunguka.

Karatasi hizo zilisafiri na Taylor hadi Uingereza, na leo zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. William Hichens alizitumia kutoa Diwani ya Muyaka mwaka 1940, nayo ikachapwa Johannesburg. Karne nzima tangu mtunzi azikwe, na kitabu chenyewe kinatoka mbali na Mvita.

Mshairi mwingine wa mji huu, Abdilatif Abdalla, alifungwa mwaka 1969 kwa kijitabu chake cha Kenya: Twendapi? Gerezani alitunga kwa Kimvita, akiandika kwenye karatasi za chooni. Aliachiwa 1972, na mwaka uliofuata Sauti ya Dhiki ikatoka. Safari hii mtunzi alikuwa hai kueleza mafumbo yake mwenyewe.

Natamani washairi wa Mombasa wapewe chumba kizima Ngomeni. Ukutani ziwekwe nakala kubwa za mwandiko wa Sikujua, pamoja na maelezo aliyompa Taylor. Jina la mwalimu huyo liandikwe kwa herufi sawa na za Muyaka, na mzee wa Mji wa Kale asikike akizisoma beti hizo kwa lafudhi ya Kimvita.