Uwanda wa Marungu na ufa ulio chini ya ziwa

Jumatatu tarehe 5 Desemba 2005, saa nane na dakika 19 mchana, ardhi ilikatika chini ya Ziwa Tanganyika, kusini-mashariki mwa Kalemie. Kipimo kilikuwa 6.8. Mjini Kalemie nyumba nyingi za matofali zilibomoka na watu wakapoteza maisha. Huko Nairobi, karibu kilomita 1,000 kutoka ziwani, watu waliusikia mtikisiko huo.

Kutoka mahali ardhi ilipokatika hadi Pepa, juu ya uwanda wa Marungu, ni zaidi ya kilomita 150. Tetemeko la inchi, kama wazee wanavyoliita, halifiki mara moja. Linatuma mawimbi ya aina mbili ndani ya mwamba. La kwanza linasukuma na kuvuta mwamba kama sauti inavyosukuma hewa, nalo hukimbia karibu kilomita 6 kwa sekunde. La pili linatikisa kwa kwenda upande huu na upande ule, kwa mwendo wa kilomita 3 na nusu hivi. Kwa umbali wa Pepa, katikati ya mgongo wa kwanza na mtikiso mkubwa zinapita sekunde kama 20. Mtu anayejua jambo hilo anaweza kuwatoa watoto nje. Lakini Kalemie, kwa kuwa ni karibu zaidi, nafasi hiyo ilikuwa kama nusu tu. Mvuvi aliye katikati ya ziwa anapata wimbi la kwanza peke yake, maana lile la pili haliwezi kupita ndani ya maji.

Kwa nini hapa? Ziwa Tanganyika limekaa ndani ya ufa. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na upande wa magharibi, milimita chache kwa mwaka, pole kuliko kucha inavyoota. Ukingo wa ufa umepanda, sakafu yake imeshuka. Uwanda wa Marungu unazidi mita 2,000 juu ya bahari. Maji ya ziwa yako mita 770 hivi, na kina chake kinafika mita 1,470, yaani sakafu ya ziwa iko chini kuliko uso wa bahari kwa mita 700. Kutoka majani ya Pepa hadi tope la chini ya ziwa, ngazi hiyo ni ya mita 2,700, na chini ya tope bado kuna kilomita nyingine za udongo uliojaa kwa mamilioni ya miaka. Baridi ya uwanda na malisho yanayonenepesha ng'ombe wa Pepa vimetokana na kupanda huko.

Tetemeko la 2005 halikuwa kubwa kuliko yote. Tarehe 13 Desemba 1910, Kongo ikiwa koloni la Ubelgiji kwa miaka miwili tu, lilipiga jingine la kipimo cha 7.4 hivi, upande wa Rukwa, ng'ambo ya ziwa, ambako Wajerumani ndio walitawala. Hilo ndilo kubwa kuliko yote yaliyopimwa Afrika Mashariki katika karne ya 20. Tofauti ya 7.4 na 6.8 inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwa nguvu ni kama mara nane.

Mwaka huohuo wa 1910, huko Marekani, Harry Fielding Reid alitoa maelezo ambayo shule zinafundisha mpaka leo. Alikuwa amechunguza tetemeko la San Francisco la 1906, ambako nyua za mashamba zilikatika na vipande vyake kuhama. Alisema mwamba hujipinda polepole kwa miaka mingi, kama fimbo inayokunjwa, kisha hukatika kwenye ufa wa zamani na kujinyosha kwa ghafla. Rukwa ilitikisika tena alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 2000, kipimo kikazidi 6. Hakuna mashine inayoweza kutaja siku ya tetemeko lijalo, na anayedai anaijua anadanganya.

Ardhi inapotulia, vijijini hazikosi sauti za kutafuta mchawi, na mara nyingi kidole kinamwangukia mjane au mzee asiye na mtetezi. Huo ni uonevu. Ufa huu una mamilioni ya miaka. Haukuanzishwa na bibi wa mtu.

Kinachoua zaidi ni ukuta. Tofali la udongo lililokaushwa juani linabeba uzito wa juu vizuri, ila likisukumwa kwa upande linaachia, na wimbi la pili linasukuma kwa upande. Mkanda wa zege wenye vyuma unaozunguka juu ya kuta zote unazifunga pamoja. Saruji inapanda Pepa kwa bei kali, barabara ikiwa vile ilivyo, na kwa hiyo wengi wanauacha. Wasio na uwezo huo wanaweza kujenga kuta fupi, kuacha madirisha mbali na pembe za nyumba, na kuweka miti mirefu juu ya kuta, iliyofungwa vizuri kwenye pembe. Darasa la watoto 50 ndilo la kuanza nalo, kwa sababu lile la 2005 lilipiga mchana.