Baba Balikufa: Barua za Kijijini na Historia ya Maandishi Sahihi ya Kiswahili nchini Kongo

Mwanafunzi anayekusanya barua za zamani vijijini kwa ajili ya tasnifu yake mara nyingi huanza kwa kuzisahihisha. Penye "mutu" huweka "mtu", penye "batu" huweka "watu", na neno "ngombe" hulitilia ritifaa. Kisha barua hupigwa taipu, hutiwa katika nyongeza ya tasnifu, na karatasi ya asili hurudi kwa wenyewe, ambako mchwa na mvua huimaliza. Kusudi la makala haya ni kuonyesha kwamba usahihishaji wa namna hiyo unafuta ushahidi ambao mwanahistoria hawezi kuupata mahali pengine. Lakini haifai kumlaumu mwanafunzi peke yake. Amefundishwa hivyo tangu utotoni, kama nilivyofundishwa mimi katika shule ya kijiji, katika milima inayotazama Ziwa Tanganyika kati ya Moba na Kalemie, katika miaka ya 1960. Kwa hiyo tuanze na asili ya huo usahihi.

Kiswahili kilifika upande wa magharibi wa ziwa pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa, kabla ya utawala wa Wazungu. Mwaka 1883 Émile Storms alijenga kituo Mpala kwa niaba ya Shirika la Kimataifa la Afrika. Mwaka 1885 kituo hicho kikakabidhiwa Mapadri Weupe. Mwaka 1893 Victor Roelens akaanzisha misheni ya Baudouinville, yaani Kirungu, karibu na Moba ya leo. Wenyeji walizungumza Kitabwa, Kiluba, Kiholoholo na lugha nyingine za jirani. Mapadri walishika Kiswahili kwa katekisimo na kwa shule, na Kiswahili cha vitabu vyao kiliegemea kile cha mashariki. Hivyo mtoto wa Kitabwa alipewa kalamu pamoja na lugha ambayo midomoni mwa wazee wake ilikuwa na sura nyingine. Katika mapokeo hayo ndimo alimotoka Stefano Kaoze, Mkongo wa kwanza wa zama hizi kupewa upadri, mwaka 1917.

Serikali yenyewe haikuharakisha kuamua jambo. Kifungu cha 3 cha Mkataba wa Koloni wa mwaka 1908 kiliacha matumizi ya lugha yawe ya hiari, kikidai tu kwamba amri na kanuni za jumla zichapwe kwa Kifaransa na Kiflamandi. Mpango wa elimu wa mwaka 1929 ulitaka lugha za Kiafrika zitumike katika madarasa ya chini, lakini mambo ya tahajia yalibaki mikononi mwa misheni. Ng'ambo ya ziwa hali ilikuwa tofauti. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati iliyoanzishwa mwaka 1930 ikasimamia vitabu vya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo haikuwa mojawapo ya nchi hizo nne. Tena inastahili kukumbukwa kwamba mwaka uleule wa 1928, huko Wayika kwenye mto Lualaba, misheni ya Whitehead ilichapa kitabu cha Kingwana, yaani Kiswahili cha magharibi, kikiwa na kanuni zake chenyewe. Huku kanuni za Kiunguja zikiwekwa, huku Kingwana kikichapwa. Na kati yao mtoto wa shule na kibao chake.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mwema mwenye mwandiko mzuri kuliko wote niliowahi kuwajua. Kifaransa kilikuwa kimekwisha kupewa nafasi ya mbele baada ya uhuru, lakini katika madarasa ya chini, na katika katekisimo, Kiswahili ndicho kilichotawala. Wino mwekundu aliuweka kwa imla ya Jumamosi. Tulikuwa na hofu ya mambo manne au matano tu, maana yalirudi kila juma.

La kwanza lilikuwa silabi "mu". Tuliandika "mutu", "muti", "mukubwa", kama tulivyosema. Mwalimu aliikata "u" akisema kwamba ni uvivu wa ulimi. Hakuna aliyetueleza kwamba mambo ni kinyume: kiambishi kamili "mu-" ndicho cha kale katika lugha za Kibantu, na ni watu wa pwani waliopunguza irabu yake. La pili lilikuwa ritifaa ya "ng'ombe". Ritifaa hiyo inaonyesha sauti ya pwani isiyo na "g" ndani yake, ilhali sisi sote, wachungaji wa mbuzi na wana wa wavuvi, tulitamka "g" waziwazi. Tulitakiwa basi kuandika alama ya sauti ambayo hatukuwa nayo, na wengi waliitia popote ilipotokea "ng", hata katika "nguo" na "nguvu". Kuhusu "l" na "r" sitasema mengi. Kila aliyekulia katika Kiluba au Kitabwa anajua taabu ya "barua" na "balua". Jambo zito kuliko yote lilikuwa "ba-".

Kwetu "ba-" ilikuwa na kazi mbili. Kazi ya kwanza ni wingi: "batu balikuya". Kazi ya pili ni heshima. Mtu mzima hatajwi kwa umoja. Baba, mama, nkambo, mwalimu, padri, wote husemwa kwa wingi hata akiwa mmoja: "baba bako mu shamba", "nkambo balilala". Desturi hii si ya Kiswahili peke yake. Iko katika Kitabwa na katika lugha nyingi za jirani, na Kiswahili kilipofika kiliipokea. Tena tulikuwa na njia ya kutenganisha kazi hizo mbili. Akina baba wengi waliitwa "bababa", au katika maandishi "ba baba", kama vile akina mama walivyo "bamama". Kwa hiyo "baba balifika" ni baba mmoja mwenye kuheshimiwa, na "ba baba balifika" ni wengi. Hakuna utata wowote.

Mwalimu, akifuata kitabu, aliandika juu ya mstari wetu: "Baba alifika." Kitabu kilikuwa na haki kwa kanuni zake. Lakini sikiliza matokeo yake nyumbani. Nilisoma insha yangu mbele ya nkambo wangu, mama yake mama, ambaye hakujua herufi hata moja. Nilipofika kwenye maneno "nkambo alitoka shambani", alinyanyua kichwa.

"Nani 'alitoka'? Ni imbwa ndiyo 'alitoka'?"

Nikamwambia kwamba mwalimu ndiye aliyesahihisha. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Basi, kama ni mwalimu, acha. Lakini usiniseme vile katika barua ya mjomba wako."

Maneno hayo yana historia nzima ndani yake. Watafiti wa mijini hupenda kudhani kwamba wanakijiji walikuwa wapinzani wa usanifu, au kwamba walilazimishwa tu. Sivyo nilivyoona. Wazee wetu waliutaka sana Kiswahili cha kitabu, kwa sababu iliyo wazi: barua ilikuwa na safari ndefu. Wana wao walikuwa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi, katika machimbo na katika reli, wakikaa kambini pamoja na watu wa Kasai, wa Rwanda na wa kila pembe ya Katanga. Mara nyingi aliyeisoma barua hakuwa aliyeandikiwa, bali jirani yake mwenye kujua kusoma. Barua iliyoandikwa kwa Kiswahili cha kijiji kimoja ingeweza kukwama mdomoni mwa msomaji wa kabila jingine. Ndiyo sababu sisi watoto wa darasa la nne na la tano tulikuwa makarani wa kijiji, nasi tuliambiwa kila mara: "Andika kama ku masomo, mwana." Lakini pale palipogusa heshima, walitusimamisha. Kwa hiyo katika barua ileile utakuta "mtu" bila "u", "ng'ombe" yenye ritifaa yake, na papo hapo "mama banakusalimia". Huko si kuchanganyikiwa. Kilitwaliwa kilichosaidia barua kufika, kikaachwa kilichomvunjia mtu adabu.

Sababu nyingine ya kuogopa tahajia ilikuja na karatasi za serikali. Mwanzoni mwa mwaka 1972, nchi ikiwa imekwisha kuitwa Zaire tangu Oktoba 1971, majina ya Kikristo yaliondolewa na kila mtu akatakiwa kuandikisha jina la asili. Majina ya wahenga yakaandikwa kwa sikio la karani, na sikio hilo lilikuwa limesoma Kifaransa. Sauti ileile ambayo darasani tuliiandika "ch" kwenye kitambulisho ikawa "tsh", kama katika jina la Tshombe. "Muamba" na "Mwamba" wakawa watu wawili. Nimewajua ndugu wa tumbo moja wenye tahajia mbili za jina la baba yao, na baba alipofariki kazini, mmoja wao alishindwa kuthibitisha kwamba ni mtoto wake. Mtu wa kijijini aliyeuliza "umeandika vizuri?" alikuwa na haki ya kuuliza.

Wataalamu hawakukosa kuliangalia suala hili. Mwaka 1974 wanaisimu wa Zaire walikutana hapa Lubumbashi na kujadili tahajia za lugha za nchi. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai, bila kusema ni Kiswahili kipi. Pengine ni afadhali isiseme.

Kwa upande wa historia, mfano bora wa kutunza maandishi tunao. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani, aliandika historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha mji huo. Maneno yake yanaunganika na kutengana bila kufuata kanuni ya shule, na tahajia hubadilika. Johannes Fabian alipoitoa kazi hiyo mwaka 1990, akisaidiwa na Kalundi Mango, hakuisafisha. Maandishi yalichapwa kama yalivyo, na kando yake pakawekwa usomaji: yalisomwa kwa sauti na mtu anayekijua Kiswahili cha Lubumbashi, maana mengi yasiyoeleweka kwa jicho hueleweka mara moja kwa sikio. Njia hiyo ni ya taabu na inakula karatasi. Sijui nyingine iliyo salama.

Nitaje kisa kimoja ili kisionekane kwamba nabishana juu ya herufi tu. Mjomba wangu aliandika barua mwishoni mwa mwaka 1964, mwaka ule waasi walipoitwaa Albertville na jeshi likaurudisha mji baada ya miezi michache. Ndani yake mna sentensi hii: "Baba balikufa mu mwezi ya sita." Miaka mingi baadaye mwanafunzi mmoja aliinakili barua hiyo pamoja na nyingine za ukoo wetu, akaisahihisha kwa bidii. "Ba-" ikawa "wa-", na kwa kuwa "baba walikufa" ilimtatiza, akaongeza silabi ya wingi: "Mababa walikufa mwezi wa sita." Katika sura ya tatu ya tasnifu yake sentensi hiyo imekuwa ushahidi wa mauaji ya wazee wa kijiji chetu, na tangu hapo nimeiona ikitajwa katika kazi mbili nyingine.

Karatasi ya asili ingali kwa binamu yangu Kalemie. Sentensi inayofuata, ambayo katika nakala iliachwa kwa kuwa haikusomeka, inasema: "Kifua kilibauma siku tano." Ni mtu mmoja, mume wa yule nkambo aliyekataa kuitwa "alitoka". Alikufa kitandani mwake kwa ugonjwa wa kifua, na mwanawe alimwandika kwa wingi.